Kuku wa Kikundi Aliyeanza Kuwika

Mimi ni mtu wa ndani. Safari yangu kubwa kwa siku ni kutoka jikoni mpaka banda la kuku, na mvua ikinyesha hata hiyo naifikiria mara mbili. Wenzangu wameizunguka Marekani hii mpaka wanazijua barabara kwa namba zake. Mimi nimekaa Louisville miaka yote hii, na mto Ohio nimeuona nikiwa kiti cha nyuma cha gari la watu waliokuwa wakienda msibani, kwa hiyo sikuweza kuwaambia wasimame nitazame maji.

Ndiyo sababu kikundi kilinikabidhi kuku. Hakuna aliyesema nina kipaji cha ufugaji. Walisema tu, "Huyu hatoki, atawaona."

Kikundi chetu kilianzia msibani. Sisi Warundi tuliokulia kambini Kigoma, na Wakongo waliotoka Kivu wakapitia kambi zile zile, tulijikuta tumepangiwa nyumba jirani huku upande wa Iroquois, tukawa tunachangiana kuzika. Siku moja mtu akauliza, mbona tunakumbukana mtu akishakufa tu? Tukaanza kukumbukana wazima. Aliyejifungua anapelekewa uji na mayai. Aliyepunguziwa zamu ghalani anapelekewa unga na maharage kutoka kwenye friza ya kikundi, ambayo nayo, kwa sababu ile ile ya kutotoka, imewekwa chumbani kwangu na inakoroma kuliko mume yeyote niliyewahi kusimuliwa. Asiye na gari anapelekwa hospitali. Na asiye na pa kulala anapewa chumba cha juu.

Nyumba ninayokaa ni ya Mama Mwenyekiti wa kikundi. Ni Mkongo, mjane, kazi yake ni kutunza wazee, na aliinunua nyumba hii pamoja na wanawe, ambao sasa wameoa wakahama, kwa kufanya zamu ambazo mtu mwenye akili timamu angezikataa. Yeye anakaa katikati. Mimi nimepanga chini, na mchana nakaa na watoto wa watu wazazi wao wakiwa kazini. Juu kabisa, chini ya paa, kuna chumba chenye kitanda kimoja na dirisha linalotazama uani. Hicho alikitoa kwa kikundi, kwa sheria aliyoitunga mwenyewe: analala pale mtu ambaye hana pa kulala, na akipata pa kulala anatoka. Basi. Hakuna zaidi.

Kitu kingine nilichopewa kwa ajili ya kukaa ndani ni hadithi. Kambini nilifika kidato cha nne, nikapata alama za kutosha kujisifu nazo na zisizotosha kunipeleka popote. Insha nilikuwa naziweza. Kwa hiyo kila wiki, watoto wakishalala usingizi wa mchana, narekodi sauti naituma kwenye kundi la WhatsApp, ambalo lina watu wetu wa hapa Louisville, wa Columbus na wa Buffalo, wale waliofuata kazi au ndugu. Nawasimulia mji ambao bado haujafika. Katika mji huo mto Ohio umehamia kwenye maegesho ya magari na hakuna anayeufukuza. Maghala yapo, lakini zile mashine zinazopima kasi ya mkono wako zimekufa, njiwa wanazitagia, na watu wamepanda matembele katikati ya rafu. Basi la abiria linafika kabla hujaganda. Watu wa Buffalo waliniomba niwawekee jua. Nikawawekea. Wakalalamika limezidi.

Wanasikiliza kazini, kifaa sikio moja, sikio jingine kwa msimamizi. Nikichelewa kutuma naulizwa kama naumwa.

Basi, vuli hii, kuku wa kikundi akaanza kuwika.

Simsemi jogoo. Jogoo hatuna. Ni yule kuku mwekundu, mtagaji wetu mkubwa, ambaye mayai yake yamelisha wazazi wengi hapa mtaani. Kwanza aliacha kutaga. Halafu kilemba kikamkua, kikawa chekundu na kizito mpaka kinaangukia jicho. Halafu asubuhi moja akapanda juu ya ndoo, akanyoosha shingo, akatoa kitu kama mlango mbovu unaofunguliwa na mtu mwenye hasira. Akaonekana kushangaa mwenyewe. Akarudia.

Nilikumbuka darasa la baolojia. Mwalimu wetu pale kambini, ambaye alikuwa anatufundisha bila picha wala vitabu, alituambia hili hutokea: ndani ya kuku jike kitu kinabadilika, naye anaota vya jogoo, na hakuna aliyemloga. Alituambia pia kwamba konokono ni dume na jike kwa pamoja, na kwamba mipapai ina mambo yake. Sisi tulicheka, maana tulikuwa katika umri wa kucheka neno jike.

Lakini nje ya darasa habari ilikuwa nyingine. Kwetu kuku jike akiwika anachinjwa siku ile ile, kabla jua halijazama, asije akaleta kifo nyumbani. Na Wakongo wanasema hivyo hivyo. Warundi na Wakongo hatujawahi kukubaliana hata namna ya kupika sombe, yale majani ya muhogo, lakini kwa hili tuko kitu kimoja.

Kwa hiyo nikawa naamka kabla ya kuku na kufungulia redio dirishani, asisikike.

Katika siku hizo hizo mdogo wangu alinipigia simu kutoka Columbus. Ni mdogo wangu wa mwisho, mwanamke mtu mzima, anafanya kazi kiwandani, na alikuwa akikaa kwenye apatimenti moja na wenzake wa kwaya. Nilipoisikia sauti yake nikaketi.

"Dada, wamenitoa."

"Wamekutoa wapi?"

"Nyumbani. Waliona simu yangu."

Kwenye simu kulikuwa na picha yake na mwanamke mmoja wa Buffalo, Mrundi mwenzetu, anayetunza wagonjwa upande wa Amherst. Picha ambayo mtu hawezi kusema ni ya shangazi. Wenzake walimfungia ndani wakamwombea, na alipotoka kwenye maombi akiwa yule yule, wakamfungulia mlango wa nje. Huyo wa Buffalo naye alikuwa akikaa kwa kaka zake, hawezi kumpokea mpaka apate apatimenti yake, na hiyo ameahidiwa baridi ikiisha.

Mimi si shujaa. Wakati ananieleza nilikuwa nachambua maharage, na nikaendelea kuchambua. Nilipokata simu nikakuta nimetupa maharage nimebakiza mawe.

"Njoo," nilikuwa nimemwambia. Hilo najivunia. Mengine yote niliyafanya kwa woga.

Mama Mwenyekiti nilimwambia hivi: mdogo wangu amepoteza chumba Columbus. Ni kweli, si kweli? Alikuwa akivua viatu vya kazi, miguu imemvimba.

"Bon," akasema, yaani sawa. "Apande kule juu. Mashuka iko ndani ya sanduku."

Mdogo wangu akaja na begi moja kubwa na koti ambalo halikumtosha. Akapanda juu. Nilipompelekea chai niliona begi limesimama mlangoni, zipu imefungwa, kama mtu aliyekuja kuuliza njia tu.

"Hutoi nguo?"

"Nitatoa."

Hakutoa. Kila asubuhi alikuwa anafungua, anachukua nguo moja, anafunga. Alikuwa anatembea darini kwa soksi ili mbao zisilie. Mimi chini nafungulia redio kuficha kuku, yeye juu anaficha miguu, na katikati yetu analala mwanamke mwenye nyumba, akitoka zamu, akidhani nyumba yake ina amani.

Kuku alinishinda. Siku moja aliwika umeme umekatika.

"Iyo ni nini?" Mama Mwenyekiti akaita kutoka kwenye ngazi.

"Alamu ya simu yangu, mama."

"Alamu."

"Ndiyo, mama. Ya jogoo. Inaniamsha vizuri."

Akashuka na kanga yake, akapita mbele yangu, akafungua mlango wa uani. Kuku, asiye na adabu, akawika tena akimtazama machoni.

"Donc simu yako iko na mabawa," akasema. Alitazama muda. "Haitagi?"

"Ameacha kidogo."

"Haitagi, inawika, inakula. Ile haiko kuku tena, mama. Ni mukosi. Siku ya posho niko repo, nitaichinja mwenyewe."

Posho kwao ni Jumamosi, repo ni siku ya mapumziko, na donc ni kwa hiyo. Alisema bila ubaya, kama anayesema atabadilisha balbu. Akapanda kulala.

Nilibaki na kuku, na nikapata wazo. Mtu anayekaa sana ndani hupata mawazo, hilo ndilo tatizo la kukaa ndani. Nikasema, ngoja nitumie silaha yangu. Mchana ule nikarekodi sehemu mpya ya hadithi. Katika mji ambao bado haujafika, nikasimulia, palikuwa na kuku jike aliyewika, na watu wakanoa kisu. Lakini siku hiyo mto uliamua kuinuka, na hakuna aliyejua ila yeye. Akawika, akawika, watu wakaamka kwa hasira wakimtafuta wamchinje, wakakanyaga maji sakafuni, wakakimbilia juu, wakapona. Nikasema na maneno mengine mazuri kuhusu viumbe ambao Mungu hakuwaandika kwa rula. Nilijisikia fundi. Nikiwasomesha hili, nikawaza, watamwonea huruma kuku, na kidogo kidogo huruma itapanda ngazi yenyewe mpaka darini, bila mimi kutaja mtu.

Nikatuma. Nikaenda kuwapa watoto uji.

Ujinga wangu ulikuwa huu: nilisahau kwamba kundi ni lile lile. Waliomtoa mdogo wangu Columbus nao walikuwa wakiisubiri hadithi yangu kila wiki. Watu wetu wamekua kwenye hadithi za wanyama. Hakuna Mrundi wala Mkongo anayesikia habari za kuku akadhani ni habari za kuku.

Jibu lilikuja kwa sauti. Alikuwa kiongozi wa ile kwaya, kaka mmoja mwenye besi nzuri, mpole sana katika kuongea.

"Dada msimulizi, Bwana asifiwe. Tumekuelewa. Huyo kuku tunamjua. Alikuwa akiimba sauti ya pili kwenye kwaya yetu. Tulimtoa kwa machozi, kwa sababu ya yale aliyokuwa akiyafanya na mwanamke mwenzake huko Buffalo. Sasa tunauliza kwa upendo: Mama Mwenyekiti anajua amemlaza nani juu ya kichwa chake?"

Nilisimama na kijiko mkononi. Nikaangalia ile simu kama inaweza kurudi nyuma. Watu wa miji mitatu, ambao kwa kawaida hata picha ya keki inajibiwa na wote, hawakuandika hata nukta. Nikaona jina la Mama Mwenyekiti likitokea kwamba yuko hewani. Alikuwa kazini, mapumziko ya chakula. Jina likakaa. Likapotea.

Nilipanda ngazi kumwambia mdogo wangu. Alikuwa tayari ameketi kitandani, simu mapajani, koti amevaa.

"Dada," akasema, "wewe mdomo wako una miguu kuliko miguu yako."

Nilirudi chini kwa watoto, kijiko bado mkononi.

Mama Mwenyekiti alirudi jioni. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, na kelele hazikuja. Alisimama mlangoni kwangu na mfuko wake wa chakula, hakuvua viatu.

"Ile kuku, iache kwanza," akasema. "Tuko na maneno kubwa kuliko kuku. Siku ya yenga, kisha ibada, kikao. Kule Highview, ndani ya ile sale ya apatimenti. Si hapa. Sitaki batu baseme nyumba yangu ndiyo imeamua."

"Mama, mimi nilitaka—"

"Uliniambia amepoteza chumba."

"Amepoteza, mama."

"Mi natunza bazee benye banasahau majina ya batoto yabo," akasema. "Hakuna hata moja ananidanganya kama weye." Akapanda.

Mpaka hiyo siku ya yenga, yaani Jumapili, nyumba ilikuwa kama sufuria yenye kifuniko. Mama Mwenyekiti alikuwa akipita kwenye ngazi, mdogo wangu darini anaacha kupumua, mimi chini naacha kukoroga. Mama mmoja aliacha kumleta mtoto wake kwangu; alisema binamu yake amepata nafasi ya kumtazama. Jumamosi ikafika, siku ya kisu. Nilikaa dirishani kuangalia kama atatoka uani. Hakutoka. Kuku aliwika kwa amani zake zote, na hiyo ilinitisha kuliko kama angechinjwa, maana nilijua ameahirishwa tu pamoja na mwenzake.

Jioni hiyo nilipeleka ugali juu. Tulikula tukiwa tumeketi sakafuni, begi katikati yetu likiwa kama mgeni wa tatu.

"Unaukumbuka mpapai wa baba?" mdogo wangu akauliza.

Naukumbuka. Ulikuwa nyuma ya nyumba yetu kambini, mpapai dume, maua tele na papai hakuna. Kila jirani aliyepita alimwambia baba aukate. Baba akaupigilia msumari mrefu shinani, kama wafanyavyo watu, kuutisha uwe jike. Mwaka uliofuata ukazaa vipapai virefu, vinaning'inia kwenye vikonyo kama soksi. Baba alijisifu mpaka tunahama.

"Msumari ulifanya kazi," nikasema.

"Wewe ndiye uliyeniambia mwalimu wenu alisema mipapai mingine hubadilika tu yenyewe. Ungezaa bila msumari."

"Alisema hivyo."

"Basi hao wa Columbus wana nyundo, dada. Na kesho wataileta kwa simu." Akamega tonge, hakulila. "Na hiyo hadithi yako. Mafuriko yalikuwa ya nini?"

"Ili wampende. Akiwaokoa, hawawezi kumchinja."

"Na kama mto usingeinuka?"

Nikajimegea tonge jingine.

"Nakuuliza. Kama hakuna mafuriko, ni kuku tu, amewika asubuhi. Ndiyo achinjwe? Kwa nini lazima mimi niokoe mji mzima ndio nipewe kitanda? Wewe umemwokoa nani? Wewe hata dukani hutoki."

"Nilitoka mwezi uliopita."

"Ulienda kuchukua barua kwenye sanduku, ukarudi ukalala."

Tulicheka, kisha tukaacha kwa pamoja, kwa sababu chini yetu mlango ulifunguliwa na mtu akasimama kwenye ngazi, akasikiliza, akafunga.

Jumapili nikatoka ndani. Wanaonijua wanajua uzito wa sentensi hiyo. Tulipelekwa Highview kwa gari la mwana wa Mama Mwenyekiti, yeye mbele, sisi wawili nyuma, na mdogo wangu alikuwa amelipakia lile begi. Nilikuwa nikiwaza, kikao kikikataa, ataenda wapi? Buffalo kwa kaka za yule mwenzake, wakamfungie nao kwenye maombi? Na theluji ilikuwa imeshaanza kutajwa kwenye redio. Nami je, mpangaji mwongo, nitabaki kwenye nyumba ile nikiwa na uso gani?

Hiyo sale, yaani ukumbi, ilikuwa na viti vya plastiki na harufu ya maandazi. Watu wa Louisville walikaa. Watu wa Columbus na Buffalo waliwekwa mezani, ndani ya simu moja, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Mdogo wangu alikaa karibu na mlango.

Yule wa besi alianza, kwa upole ule ule. Alisema kikundi ni cha watu wanaomcha Mungu. Alisema chumba kimenunuliwa mashuka kwa michango ya watu wanaomcha Mungu. Alisema hawachukii mtu. Watu wakaitikia kwa vichwa, na kila kichwa kilichoinama nilikihisi shingoni mwangu. Nilikuwa nimewapikia wengi wao uji.

Kisha Mama Mwenyekiti akanigeukia.

"Bon. Weye ndiye ulianza na hadithi. Maliza. Ile kuku iliokoa mji, kisha?"

Nilisimama. Magoti yangu yana desturi ya kukaa, hayakufurahi. Nilikuwa nimeandaa mwisho mzuri, una upinde wa mvua na kila kitu. Nikamwona mdogo wangu ameshika mpini wa begi.

"Nilikosea pale kwenye mafuriko," nikasema. "Mto haukuinuka. Siku ile maji yalikaa mahali pake. Kuku aliwika tu, kwa sababu ilikuwa asubuhi na sauti ilikuwepo."

Mtu mmoja akaacha kutafuna andazi.

"Na batu?" Mama Mwenyekiti akauliza. "Balifanya nini?"

"Waliamka. Wengine wakarudi kulala."

"Balimuchinja?"

"Hapo ndipo nilipofika, mama. Mimi sijui. Ninyi ndio mnaokaa katika huo mji, mimi nasimulia tu."

Simu ikakwaruza. Alikuwa mzee wetu mmoja wa Buffalo, dereva wa lori, ambaye hajawahi kuchangia neno katika kikao chochote.

"Mimi nisingemchinja," akasema. "Kuku wa umri huo, nyama itakuwa ngumu kama tairi."

Mtu mmoja alicheka puani. Mwingine akashindwa kujizuia. Kicheko kikazunguka, kikafa haraka, kwa sababu sauti ya besi ilisema, safari hii bila upole, "Mnacheza. Kama huyo analala pale, sisi wa Columbus tunatoka. Mtazikana wenyewe."

Hilo lilimgusa kila mtu. Usidhani ni tishio dogo. Kwa watu waliozikia ndugu zao njiani, kuambiwa utazikwa na wachache ni neno zito. Niliona nyuso zikihesabu makaburi.

Mama Mwenyekiti aliweka mikono yote miwili mezani, kila upande wa simu.

"Chumba iko ya nani?" akauliza.

Watu wakaitazama simu.

"Nauliza. Chumba iko ya nani? Mi niliitoa, mi nakumbuka sheria. Ya mutu hana fasi ya kulala. Sikusema ya mutu mwema. Kama ingekuwa ya bema, ingekuwa wazi mpaka leo." Akamgeukia mdogo wangu. "Weye. Uko na fasi ya kulala?"

"Hapana, mama."

"Unayo ingine?"

"Hapana."

"Donc?" akawaambia watu. "Donc nini tena? Munataka nibadilishe sheria juu ya moja? Kesho nitabadilisha juu yako." Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, kwa mdogo wangu peke yake lakini wote tulisikia: "Mi sikubali ile maneno yako. Sikubali hata kidogo. Nitaomba juu yako kila siku, na nitaomba kwa nguvu, usikie."

"Sawa, mama."

"Na yaya yako, nitasema naye nyumbani." Yaya kwao ni dada mkubwa; alikuwa ananisema mimi.

Simu ikakata upande mmoja. Columbus walitoka kwenye kundi kabla hatujafika kwenye gari, wakafuatana mmoja mmoja, na kila aliyetoka jina lake lilionekana. Wawili wa hapa nao wakatoka. Mmoja wao nilimpelekea uji alipojifungua, na sasa nikimwona dirishani akishuka kwenye gari lake anashughulika na funguo zake. Sijui atazikwa na nani, wala mimi nitazikwa na nani. Hadithi yangu sasa ina wasikilizaji wachache, na naikosa ile kwaya, maana walikuwa wanacheka mahali panapostahili.

Kuhusu kuku, kila mtu alikuwa bado anasema achinjwe, lakini hakuna aliyekubali kumla. Mama Mwenyekiti alitoka uani na kisu Jumamosi iliyofuata, akauliza nani atapika. Nikasema mimi sijisikii vizuri. Mdogo wangu akasema yeye hali nyama ya mtu anayemfahamu. Mama Mwenyekiti akamtazama kuku, kuku akamtazama yeye, kisha akakata kwa kile kisu majani ya maboga yaliyobaki, akaingia ndani.

Theluji imeshaanguka sasa. Asubuhi moja juzi nilikuwa jikoni, redio imezimwa, kuku akawika. Dirisha la katikati likafunguliwa kwa kishindo.

"We! Nyamaza! Batu banatoka ku kazi!"

Kutoka dirisha la juu sauti ikajibu, "Samahani, mama! Ni alamu ya dada!"

Katikati pakawa kimya cha kutosha mtu kuharibu kila kitu. Kisha Mama Mwenyekiti akaanza kuomba, kwa nguvu, kama alivyoahidi, dirisha wazi na baridi yote ikiingia. Alimwomba Mungu ambadilishe mdogo wangu. Akamwomba ambadilishe na yule wa Buffalo. Na bila kuvuta pumzi akamwomba huyo wa Buffalo apate apatimenti haraka, yenye joto, karibu na kazi, na mwenye nyumba asiwe mutu mubaya. Mungu atajua mwenyewe aanze na lipi.

Alipomaliza akafunga dirisha. Nikasikia darini mtu anatembea bila soksi, mbao zinalia.

Nikaacha uji motoni, nikapanda ngazi zote mpaka juu, magoti yakilalamika, nikachungulia. Begi lilikuwa chini ya kitanda, limelala, tupu. Mdogo wangu akaniuliza nimefuata nini. Nikamwambia nilikuwa napita tu.

"Wewe?" akasema. "Unapita kwenda wapi?"